Video ya simu, chungwa linaloanguka, na namba mbili zisizokubaliana

Swali: Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari ya kata upande wa Kibosho, Moshi. Kifaa chetu cha kugonga nukta kwenye utepe kimeharibika, kwa hiyo mwezi uliopita niliamua kupima mchapuko wa graviti kwa video. Mwanafunzi mmoja aliachia chungwa kutoka kimo cha mita 1.5, mwenzake akasimama kando yake akiwa ameshika rula ya mita wima, nasi tukarekodi kwa simu mbili zilizokaa sambamba juu ya dawati, kama hatua mbili kutoka kwa wanafunzi hao. Simu moja ni yangu. Nyingine ni ya mwalimu mwenzangu, nayo ina hali ya mwendo wa taratibu. Tulifungua video zote katika Tracker, programu ya kompyuta ambamo unaweka nukta juu ya kitu katika kila fremu, yaani kila picha moja ya video, nayo inakokotoa mwendo wake. Badala ya ile 9.8 ya kitabuni, simu ya mwenzangu ilitupa mita 0.54 kwa sekunde kwa sekunde, yangu ikatupa 8.7, na katika video yangu safu ya mchapuko ilirukaruka kati ya 3 na 14. Wanafunzi wameanza kusema kwamba video haiwezi kupima chochote. Tumekosea wapi, na je, njia hii inafaa kwa darasa la wanafunzi 60 lenye kompyuta mpakato moja?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, kabla ya jambo lolote nakuomba usizifute video hizo. Namba zako mbili zimekosea kwa njia tofauti, na kila kosa limeacha alama yake ndani ya namba yenyewe, kiasi kwamba mtu aliyekaa mbali na darasa lako anaweza kueleza mlichofanya. Wanafunzi wako wamekata tamaa mapema mno.

Anza kwa kugawanya 8.7 kwa 0.54. Jibu ni 16.1, yaani 4 mara 4 karibu kabisa. Katika hesabu ya mchapuko muda huingia ukiwa kipeo cha pili, kwa hiyo mtu anapoona majibu mawili ya tukio moja yakipishana mara 16 anapaswa kushuku mara moja kwamba mahali fulani muda umerefushwa mara 4. Simu ya mwenzako, ikiwa katika hali ya mwendo wa taratibu, ilipiga fremu 120 kwa kila sekunde, lakini ilipohifadhi faili iliagiza faili hilo lichezwe kwa fremu 30 kwa sekunde, kwa kuwa hivyo ndivyo jicho linavyoliona chungwa likishuka kama linaloelea. Tracker haina saa yake yenyewe. Inahesabu fremu, inasoma kiwango kilichoandikwa kwenye faili, na kukiamini. Chungwa lililotua baada ya sekunde 0.55 limeonekana kwake kana kwamba limetumia zaidi ya sekunde 2. Fungua mipangilio ya klipu ndani ya programu, mahali palipoandikwa fremu 30 kwa sekunde uweke 120, na ile 0.54 itapanda hadi 8.6 bila kugusa nukta hata moja mliyoiweka. Zipo simu zinazopiga fremu 240 kwa sekunde na kuhifadhi kwa namna hiyo hiyo, na hizo hukosea mara 64.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha njia nzima. Video haipimi mwendo. Inatupa mfululizo wa picha, na sisi ndio tunaopaswa kuipa namba mbili kutoka nje: muda kati ya picha moja na nyingine, na ukubwa halisi wa kitu fulani kilichomo ndani ya picha. Kifaa chenu cha utepe kilikuwa na tabia hiyo hiyo, ila namba yake ya muda ilitoka kwenye umeme wa gridi wenye mizunguko 50 kwa sekunde, nukta moja kila sekunde 0.02, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuihoji. Katika simu ni lazima ihojiwe, na kuihoji ni rahisi. Washa saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu ya pili, irekodi kwa simu mnayotaka kuipima, kisha hesabuni fremu zilizopita tangu saa isome sekunde 5 hadi isome sekunde 15. Mkipata 300 au pungufu ya hapo kwa moja tu, simu inapiga 30 kweli. Mkipata 270, inapiga 27.

Msishangae mkipata 27. Simu nyingi hupunguza kiwango cha fremu zenyewe pale mwanga unapokuwa hafifu, ili kila fremu ipate muda wa kutosha kukusanya mwanga, na zinaweza kufanya hivyo katikati ya video moja. Darasa lenye madirisha madogo asubuhi ya mwezi Julai, wakati Moshi inapofunikwa na wingu na mlima hauonekani, halina mwanga wa kutosha kwa kazi hii. Kuwasha taa za bomba nako hakusaidii sana: taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde, na katika video ya fremu 120 au 240 mtaona picha ikififia na kung'aa. Tokeni nje. Ukuta wa darasa ulio kwenye jua la saa nne ni maabara bora kuliko chumba cha maabara, na mwanga huo unatoa faida nyingine nitakayoieleza punde.

Sasa tumebaki na 8.7, ambayo baada ya marekebisho simu zote mbili zinaikubali. Kukubaliana huko kunatuelekeza: kosa lililobaki limo katika kitu ambacho simu zote mbili zilikiona kwa namna moja, na kitu hicho ni rula. Umeandika kwamba mwanafunzi alisimama kando ya mwenzake akiwa ameishika. Mtu anayesimama karibu na mwenzake bila kutaka kumzuia hunyoosha mkono mbele kidogo, kuelekea kamera, na hapo rula inakuwa karibu na simu kuliko chungwa. Kitu kilicho karibu huonekana kikubwa. Mlipoiambia programu kwamba urefu ule ni mita 1, mliipa mita iliyovimba, na kila umbali ambao chungwa lilipita ukapimwa kwa mita hiyo na kutoka mfupi. Kama simu ilikuwa mita 1.8 kutoka kwa chungwa na mita 1.6 kutoka kwa rula, umbali wote umepungua kwa uwiano wa 1.6 kwa 1.8, na mchapuko umepungua kwa uwiano huo huo. Sentimita 20 tu za mkono wa kijana zinatosha kuila sehemu moja katika kila tisa ya graviti.

Kosa hilo nalijua kwa sababu nililiishi. Nilipoanza kutumia video na wanafunzi wangu hapa Arusha, nilichora alama za chaki ukutani kila sentimita 10, nikaona nimepata kipimo kisichotikisika, na mpira ukawa unaachiwa sentimita 20 mbele ya ukuta ili usikwaruze. Kamera ilikuwa mita 2 kutoka ukutani. Safari hii kipimo ndicho kilichokuwa nyuma ya kitu, na jibu likawa 10.9. Kwa muhula mzima niliwalaumu wanafunzi kwamba hawaweki nukta kwa uangalifu, wakati wao walikuwa wanaweka vizuri kabisa na aliyekosea ni mimi niliyechora chaki. Jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo, tafadhali, usiwaambie wanafunzi wako kwamba 8.7 ni jibu baya linalopaswa kufutwa na kuandikwa 9.8 kwa sababu kitabu kinasema hivyo. Mnamo 1963 mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba aitwaye Erasto Mpemba aliona maziwa ya moto aliyotengenezea aiskrimu yakiganda kabla ya yale yaliyopozwa, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Makala yake na Denis Osborne kuhusu jambo hilo ilitoka mwaka 1969, wakati yeye akisoma katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, ambacho si mbali na ninyi. Simaanishi kwamba 8.7 yenu ni ugunduzi. Namaanisha kwamba wanafunzi waliona kitu cha kweli, nacho ni rula iliyo mbele ya chungwa, na wana haki ya kukifuata mpaka wakikamate.

Rekodi inayofuata iandaeni hivi. Achaneni na rula inayoshikwa mkononi. Tafuteni timazi ya fundi ujenzi, au uzi imara wa kufumia wenye jiwe zito chini, mfunge vifundo viwili vya uzi wa rangi vilivyoachana mita 1 kamili, vikipimwa wakati uzi unaning'inia na jiwe lake, maana uzi hurefuka kidogo ukibeba uzito. Utundikeni kwenye boriti au kwenye tawi, ngojeni utulie, na chungwa liachiwe kando ya uzi, upana wa kiganja kutoka kwake, katika umbali ule ule kutoka kwa simu. Uzi huo mmoja unafanya kazi mbili: unatoa mita iliyo mahali ambapo mwendo unatokea, na unaonyesha wima halisi, hivyo kwamba simu ikiwa imeinama kidogo mnauzungusha mhimili wa programu ulale juu ya uzi.

Simu isogezwe nyuma hadi mita 4. Mkikosea tena sentimita 20 katika umbali huo, madhara yatakuwa sehemu 5 kwa 100 badala ya 11, na lenzi ya simu, ambayo hupinda mistari karibu na kingo za picha, itaonyesha njia yote ya chungwa katika eneo la katikati ambako mistari imenyooka. Iwekeni wima juu ya matofali, kwenye kimo cha katikati ya njia, yaani sentimita 75 kutoka chini, na asiishike mtu. Mkono wa mtu aliyetulia kabisa bado unatikisika, na katika fremu za kompyuta mtaona uzi wa timazi ukicheza kana kwamba unapepea.

Sasa ile faida ya pili ya jua. Chungwa linapokaribia ardhi lina mwendokasi wa mita 5.4 kwa sekunde hivi. Kivulini simu huacha kila fremu ikusanye mwanga kwa muda kama wa 1/50 ya sekunde, na katika muda huo chungwa linashuka sentimita 11. Ukisimamisha video kwenye fremu ya mwisho hutaona duara. Utaona mchirizi mrefu wa rangi ya chungwa, kichwa chake kimefifia na mkia wake umefifia, na wanafunzi watatu watakaoulizwa chungwa liko wapi wataonyesha mahali patatu. Juani simu hufupisha muda huo yenyewe hadi mchirizi ukawa mfupi kuliko ukucha. Mkilazimika kufanya kazi kwenye mchirizi, wekeni nukta katikati yake katika kila fremu, msichanganye katikati na ukingo.

Umeuliza pia kuhusu safu ya mchapuko inayorukaruka kati ya 3 na 14. Hapo hakuna aliyekosea, na hili ndilo ningependa ulitumie kufundishia hasa, kwa sababu linagusa maana ya mchapuko. Mchapuko unapatikana kwa kutofautisha mara mbili: mabadiliko ya mahali yanatoa mwendokasi, mabadiliko ya mwendokasi yanatoa mchapuko. Mkichukua fremu tatu zinazofuatana, na nukta ya katikati peke yake ikawa imewekwa milimita 1 pembeni, kosa katika mchapuko ni milimita 2 zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha muda kati ya fremu. Kwa fremu 30 kwa sekunde kosa hilo ni mita 1.8 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa fremu 120 ni 28.8. Programu huchanganya fremu zaidi ya tatu ili kupunguza mtikisiko, lakini haiwezi kuumaliza. Simu yenye fremu nyingi, ambayo sisi sote huiona kuwa bora, inaharibu safu ya mchapuko mara 16 zaidi endapo mtaisoma fremu kwa fremu.

Kwa hiyo msiisome. Chorani grafu ya mwendokasi dhidi ya muda, ambamo nukta zitapanda kwa kuyumba kidogo, mpitishe mstari mmoja ulionyooka katikati ya zote, na mteremko wa mstari huo ndio mchapuko. Katika mstari huo kila nukta inachangia na makosa madogo ya kushoto yanafutwa na yale ya kulia. Njia nzuri zaidi ni kuiambia Tracker itafute parabola inayopita katika nukta za mahali dhidi ya muda, kisha mzidishe kwa 2 namba iliyo mbele ya kipeo cha pili cha muda. Kwa namna hiyo fremu nyingi zinarudi kuwa neema, kwani katika anguko la mita 1.5 mnapata fremu 16 kwa simu ya kawaida na fremu 66 kwa simu ya mwenzako. Acheni fremu ambamo kidole bado kimegusa chungwa, na ile ambamo limegusa ardhi.

Namba ya kulinganisha nayo kwa maeneo yetu ya karibu na ikweta ni 9.78, iwe Moshi iwe Arusha. Hata hivyo, ningependelea wanafunzi waipate wenyewe kwa jiwe lililofungwa kwenye uzi wa mita 1, ukipimwa hadi katikati ya jiwe, kwa kuhesabu mizunguko 20 ya bembea ndogo. Wakipata sekunde 40 na sehemu kidogo kwa mizunguko hiyo, watakuwa wamekaribia 9.78 kwa njia isiyotegemea video hata kidogo, na sema wazi mbele yao kwamba kwa kutafuta graviti peke yake uzi huo ni sahihi zaidi kuliko simu. Thamani ya video iko katika miendo ambayo uzi na saa haviwezi kuigusa.

Kuhusu wanafunzi 60 na kompyuta moja, sishauri waketi 60 wakimtazama mmoja akibofya. Tracker imeandikwa na Douglas Brown katika mradi wa Open Source Physics, hutolewa bure, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti, lakini somo la kwanza lisianze nayo. Chezeni video kwa programu ya VLC, ambayo ukibonyeza herufi E inasogea fremu moja moja. Bandikeni nailoni angavu juu ya kioo cha kompyuta, na kwa kalamu ya wino wa kufutika mwanafunzi mmoja wa kila kundi aweke nukta kwenye chungwa kila fremu ya pili, pamoja na vifundo viwili vya timazi. Kila kundi linabandua nailoni yake, linakwenda nayo kwenye dawati, na kupima kwa rula ya kawaida ya sentimita. Nailoni moja huchukua kama dakika 3. Wanapoona nafasi kati ya nukta zikikua kutoka kama upana wa punje ya mchele hadi upana wa vidole viwili, na wao ndio waliozichora, mchapuko unaacha kuwa neno la kukariri. Ukiwa na projekta unaweza kufanya hivyo hivyo kwa chaki ubaoni, ila projekta iutazame ubao moja kwa moja. Ikitupa picha kwa kuinama, mita ya juu ya ubao haitalingana na mita ya chini. Tracker ifuate wiki ya pili, wakati kila mmoja anajua programu inafanya nini kwa niaba yake.

Chungwa lilikuwa chaguo zuri kwa sababu ni zito. Mpira wa tenisi unakaribiana nalo kwa ukubwa lakini ni mwepesi, na kwa mwendokasi ule wa mwisho hewa inaurudisha nyuma kwa kani inayofikia kama sehemu 5 kwa 100 ya uzito wake. Mkishamaliza na chungwa, nunueni pakiti ya vikaratasi vya kuokea keki ndogo. Kimoja kikiachiwa, mdomo juu, huongeza mwendo kwa muda mfupi sana kisha hushuka kwa mwendokasi usiobadilika, jambo ambalo macho hayawezi kulithibitisha lakini nukta kwenye nailoni hulionyesha waziwazi: zinaanza kukaa sawasawa. Vikaratasi vinne vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine hushuka karibu mara 2 ya mwendokasi wa kimoja, wala si mara 4. Waache wapambane na swali hilo kabla hujawaambia kwamba kani ya hewa inakua kwa kipeo cha pili cha mwendokasi.

Video zenyewe zihamishwe kwenye kompyuta kwa waya. Zikipitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na chungwa huwa doa lisilo na kingo. Ikibidi kupita huko, zitumeni kama hati.

Lakini kabla ya kurekodi upya, rudini kwenye dawati lile lile. Mwiteni kijana yule aliyeshika rula asimame kama alivyosimama siku ile, mwenzake asimame alipoachia chungwa, na wanafunzi wapime kwa futi ya fundi umbali kutoka kwenye simu hadi kwenye rula, na hadi kwenye mkono ulioachia chungwa. Wazidishe 8.7 kwa umbali wa chungwa, wagawanye kwa umbali wa rula. Iwapo vipimo vyao vitakuwa mita 1.8 na mita 1.6, watapata 9.79.